Henrik Larsson, aliyechanua akiwa na miaka 25

Ndugu zangu, jamaa na marafiki wa huko nyumbani, huku ni baridi tu inayotukumbusha kila asubuhi kwamba tuko ugenini.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu. Kama mnavyomjua, mazungumzo yake yote huishia kwenye mpira. Anacheza namba tisa kwenye timu ya daraja la chini, ana miaka 24, na safari hii hakuwa na utani hata kidogo. Akasema, "Kaka, mimi ndiyo basi tena. Wenzangu wanaonwa wakiwa na miaka 17. Nani atamtazama mtu wa umri wangu?" Nilikuwa mlangoni naelekea kazini, nikamwambia tutaongea. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nawaza nimjibu nini. Nimeona niandike hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Jibu langu ni habari ya mtu mmoja ambaye hapa Glasgow jina lake halijafutika tangu aondoke mwaka 2004. Anaitwa Henrik Larsson, mshambuliaji kutoka Uswidi. Vijana wa leo mnamjua kwa kusimuliwa tu. Sisi wa umri wangu tunamkumbuka na rasta zake kwenye Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani, na kwa sababu hiyo wengi tunadhani alikuwa nyota tangu siku hiyo. Haikuwa hivyo. Miaka mitatu baada ya Kombe hilo la Dunia, akiwa na miaka 25, alikuwa mchezaji ambaye klabu yake haikujua imchezeshe wapi.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1971 Helsingborg, mji wa bandari kusini mwa Uswidi, ambako ukisimama ufukweni unaiona Denmark ng'ambo ya maji. Baba yake, Francisco Rocha, alikuwa baharia kutoka visiwa vya Cape Verde, huko Afrika Magharibi, ambavyo wakati huo bado vilikuwa chini ya Wareno. Mama yake, Eva Larsson, alikuwa Mswidi, mfanyakazi wa kiwandani. Wazazi wakaamua mtoto atumie jina la mama, kwa kuona kwamba akiitwa Larsson atapokewa kirahisi zaidi kuliko akiitwa Rocha. Sisi tulioko huku hatuhitaji maelezo marefu hapo. Yeyote aliyewahi kuandika barua ya kuomba kazi huku akijiuliza jina lake litasomwaje, anawaelewa wale wazazi.

Utotoni alikuwa mdogo wa umbo. Akiwa na miaka sita alijiunga na klabu ya mtaani kwao, Högaborg, na alikaa hapo mpaka miaka 20. Umri huo wenzake wengi waliotajwa kuwa na vipaji walikuwa wameshasajiliwa na klabu kubwa, wana mishahara na magari. Yeye alikuwa anacheza ligi za chini, na kazi aliyokuwa akiifanya ili apate chochote ilikuwa kufungasha matunda. Mdogo wangu, hapo nakuomba usome mara mbili.

Mwaka 1992 akahamia klabu kubwa ya mji wao, Helsingborgs IF. Nasema kubwa, lakini klabu yenyewe ilikuwa daraja la pili na haikuwa imeonja ligi kuu tangu iliposhuka mwaka 1968. Msimu wake wa kwanza Larsson alifunga mabao 34 katika mechi 31, na timu ikapanda. Mwaka uliofuata, kwenye ligi kuu yenyewe, akafunga 16. Hapo Wadachi wakaja. Novemba 1993 Feyenoord ya Rotterdam ikamsajili, na mtu aliyehusika kumleta pale alikuwa Wim Jansen. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Ukisoma mpaka hapo unaweza kudhani mambo yamenyooka: kijana kaenda Ulaya ya klabu kubwa, kazi imeisha. Kumbe ndiyo kwanza shida inaanza. Feyenoord walimtumia leo kama winga, kesho nyuma ya mshambuliaji, keshokutwa anaanzia benchi, na akianza anatolewa kabla mechi haijaisha. Alipata makombe mawili ya Uholanzi, 1994 na 1995, kwa hiyo siwezi kusema alipoteza wakati wote. Lakini kwenye ligi, kwa misimu karibu minne, alifunga mabao 26 katika mechi 101. Kwa mtu aliyekuwa akifunga karibu bao moja kila mechi kule nyumbani, hizo ni hesabu za kumfanya ajiulize kama kile kipaji kilikuwa cha kweli au kilikuwa cha ligi ndogo tu.

Katikati ya kipindi hicho ndipo lilipokuja lile Kombe la Dunia la 1994. Kwenye robo fainali dhidi ya Romania, ikafika mikwaju ya penalti, akaitwa kijana wa miaka 22 kupiga mkwaju wa sita, akafunga. Kipa Thomas Ravelli akaokoa uliofuata, Uswidi wakapita. Kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu waliichapa Bulgaria 4-0 na Larsson alikuwa mmoja wa wafungaji. Kisha akarudi Rotterdam kwenye benchi lake. Medali ya shaba ya dunia haikumpa namba kwenye klabu.

Sasa tufike 1997. Kwenye mkataba wake kulikuwa na kipengele kinachomruhusu aondoke endapo klabu nyingine italeta dau la kiwango fulani. Celtic ya Glasgow wakaleta pauni 650,000. Ili mjue hiyo ilikuwa pesa gani kwenye soka ya wakati ule, mwaka mmoja kabla Newcastle walimnunua Alan Shearer kwa pauni milioni 15. Hata hivyo Feyenoord waligoma kumwachia. Wakabishania kile kipengele mpaka shauri likasikilizwa rasmi, na Larsson akashinda. Jambo hili husahaulika watu wanaposimulia mabao yake. Mlango wa Glasgow haukufunguka wenyewe. Aliusoma mkataba wake, akajua haki yake iko wapi, akaisimamia mbele ya waajiri waliokuwa na nguvu kuliko yeye.

Na nani alikuwa kocha mpya wa Celtic? Wim Jansen yuleyule. Mzee huyu (alifariki Januari 2022, Mungu amrehemu) alikuwa na historia ya ajabu na klabu hii. Mwaka 1970 alikuwa mchezaji wa Feyenoord iliyoifunga Celtic 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Ulaya mjini Milan. Akaja tena kucheza fainali mbili za Kombe la Dunia na Uholanzi, 1974 na 1978. Alipopewa Celtic alikumbuka kijana aliyemleta Rotterdam na ambaye wengine hawakumtumia vizuri. Alijua ni mshambuliaji, kwa hiyo akampanga kama mshambuliaji.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Mechi ya kwanza ya ligi, Agosti 1997, Celtic walikuwa ugenini kwa Hibernian mjini Edinburgh. Larsson aliingia akitokea benchi, akatoa pasi iliyomfikia mpinzani, Chic Charnley, na huyo akaachia shuti lililoipa Hibernian ushindi wa 2-1. Mechi iliyofuata ya ligi Celtic wakafungwa tena, nyumbani, na Dunfermline. Kama hiyo haitoshi, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la UEFA dhidi ya Tirol Innsbruck ya Austria, Larsson akajifunga mwenyewe! Bahati yake Celtic walishinda 6-3. Fikirieni hapo angekuwa na kocha asiyemjua. Angerudi benchi, na mimi leo nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Jansen hakumtoa. Na hapo inabidi niwaeleze kidogo uzito wa msimu ule, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini jiji hili linampenda hivi. Celtic ni klabu iliyoanzishwa mwaka 1887 na wahamiaji wa Kiayalandi wa mashariki ya Glasgow, Wakatoliki maskini, na lengo la mwanzo lilikuwa kuchangisha pesa za kulisha watoto wao. Yaani ni klabu ya watu waliokuja ugenini kutafuta riziki, kama sisi. Wapinzani wao ni Rangers, klabu ya Waprotestanti wa jiji hilohilo. Chukueni Simba na Yanga, ongezeni dini juu yake, ndipo mtakaribia. Rangers walikuwa wamechukua ubingwa mara tisa mfululizo, kuanzia 1989 mpaka 1997, wakawa wameifikia rekodi ya Celtic wenyewe ya 1966 hadi 1974. Kama wangechukua wa kumi, rekodi ingevunjwa. Mji mzima ulikuwa unahesabu vidole.

Ikaja siku ya mwisho ya ligi, tarehe 9 Mei 1998. Celtic walitakiwa kushinda nyumbani dhidi ya St Johnstone. Dakika za mwanzo tu, Larsson akaingia ndani kutokea kushoto akakunja shuti kutoka mbali, mpira ukazama kona ya mbali. Harald Brattbakk wa Norway akaongeza la pili, ikawa 2-0, ubingwa ukarudi. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ya zamu ya usiku alinisimulia siku hiyo mara nyingi sana, na kila mara akifika kwenye lile bao la kwanza alikuwa anaweka kikombe chake cha chai chini.

Jansen aliondoka siku chache baadaye kwa kutoelewana na viongozi wa klabu. Larsson akabaki, na msimu wa 1998-99 ndipo ua lilipochanua sawasawa: mabao 38 kwenye mashindano yote, na wachezaji wenzake wa Uskoti wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Alikuwa ameshafika miaka 27.

Halafu tarehe 21 Oktoba 1999, mjini Lyon Ufaransa, kwenye mechi ya Kombe la UEFA, mguu wake wa kushoto ulivunjika sehemu mbili. Picha zile sitaki kuziona tena. Wengi walisema mchezaji wa umri ule hawezi kurudi kama zamani. Alirudi uwanjani Mei 2000, mechi ya mwisho ya ligi, kisha akaenda Euro 2000 na kuifunga Italia.

Msimu uliofuata ndio mkubwa kuliko yote. Kocha mpya Martin O'Neill alimpa mwenzake wa mbele, Chris Sutton, na Celtic wakachukua makombe yote matatu ya Uskoti. Agosti 2000 waliifunga Rangers 6-2, na bao moja la Larsson siku ile, la kumpitishia kipa mpira juu ya kichwa, bado linaonyeshwa hapa kama wimbo wa taifa. Msimu ulipoisha alikuwa na mabao 35 ya ligi na 53 kwa jumla, akapewa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya.

Sasa sikilizeni hesabu za kiatu hicho, maana ndani yake mna jibu kwa wanaomkejeli. Bao la ligi kubwa kama Italia lilihesabiwa pointi mbili. Bao la Uskoti lilihesabiwa pointi moja na nusu, kwa sababu ligi yake ilionekana dhaifu. Hernán Crespo wa Lazio alikuwa na mabao 26, kwa hiyo pointi 52. Larsson kwa 35 yake alipata 52.5. Alishinda kwa nusu pointi, akiwa amekatwa robo ya kila bao alilofunga.

Hata hivyo maneno hayakuisha. "Uskoti kila mtu anafunga," watu walisema. Nakiri hata mimi niliwahi kusema hivyo tukiwa kijiweni. Mwaka 2003 akawajibu upande mmoja. Celtic walifika fainali ya Kombe la UEFA mjini Seville dhidi ya Porto ya kocha José Mourinho. Joto lilikuwa kali, na makumi ya maelfu ya mashabiki walisafiri kutoka huku, wengine bila tiketi. Larsson alisawazisha mara mbili, mara zote kwa kichwa, na yeye si mtu mrefu. Porto wakashinda 3-2 kwenye muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata Porto haohao wakawa mabingwa wa Ulaya, kwa hiyo mjue alikuwa anawafunga watu gani.

Aliondoka Celtic mwaka 2004 akiwa na mabao 242 katika mechi 313, mataji manne ya ligi, na machozi. Mwaka uleule alikubali kurudi timu ya taifa aliyokuwa ameiaga baada ya Kombe la Dunia la 2002. Uswidi nzima ilikuwa imembembeleza, mpaka Waziri Mkuu Göran Persson, na hata mwanawe mdogo Jordan aliomba baba yake acheze. Mechi ya kwanza ya Euro 2004, dhidi ya Bulgaria, alifunga mawili, moja kwa kichwa cha kuruka ambacho huwezi kukisahau.

Kisha Barcelona wakamchukua akiwa na miaka 32. Umri huo wengine wanafikiria kufungua duka. Novemba 2004, kwenye mechi na Real Madrid, akaumia goti vibaya na msimu ukaisha hapo. Akarudi tena. Tarehe 17 Mei 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Paris, Barcelona walikuwa nyuma 1-0 kwa Arsenal. Mzee wa miaka 34 akaingizwa dakika ya 61. Kwenye dakika ya 76 akamgusia mpira Samuel Eto'o, bao. Dakika chache baadaye akampenyezea Juliano Belletti, bao la pili. Baada ya mechi Thierry Henry, mwenye uchungu wake, aliwaambia waandishi kwamba wanawazungumzia wachezaji wengine lakini aliyewamaliza Arsenal ni Larsson.

Baada ya hapo akarudi Helsingborg, kule kwao. Aliazimwa kwa miezi michache Manchester United mwanzoni mwa 2007, akacheza mechi 13 na kufunga mabao matatu, kisha akarudi kwa sababu alikuwa ameahidi kurudi. Aliacha kucheza mwaka 2009. Mwaka 2003 shirikisho la soka la Uswidi lilikuwa limeshamtaja kuwa mchezaji wao bora wa miaka 50. Mfungasha matunda yule.

Haya basi, mdogo wangu, nikurudie wewe. Sitakudanganya kwamba kila anayechelewa hufika. Nimewaona huku wengi waliochelewa na hawakufika, na walikuwa watu wa bidii. Larsson mwenyewe bila Jansen sijui angeishia wapi, na Jansen mmoja hapatikani kila mtaa. Ninachokiona kwenye habari yake ni kwamba hakujifunza kufunga alipofika miaka 25. Mabao yalikuwemo tangu Helsingborg. Miaka minne ya Rotterdam haikuyaua, na siku ile mtu anayemjua alipoita, alikuwa tayari na alikuwa ameshausoma mkataba wake. Kama angekuwa ameacha akiwa na miaka 24, umri wako wa leo, Jansen angeita na pasingekuwa na wa kuitika.

Na kwenu wengine mnaosoma, nina ombi dogo. Mkiwa mnawauliza watoto wenu walioko huku, na hata hao walioko hapo nyumbani, "Miaka yote hiyo, bado tu?", kumbukeni kwamba mwaka 1996 Helsingborg huenda kulikuwa na watu waliokuwa wakiuliza swali hilohilo juu ya mtoto wa Eva na yule baharia. Swali lina haki yake, maana mnatusubiri na mna shida zenu. Ila ulizeni taratibu.

Mdogo wangu, Jumapili nitakupigia baada ya mechi yenu. Uniambie umefunga mangapi, na kama kocha bado anakupanga winga.

Wasalimieni wote, mama hasa.